Usiukimbize mpira, uchague mwanga: picha za mechi za usiku kwa kamera ya kawaida

Swali limetoka kwa kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi. Kwa ufupi anaandika hivi: "Yaya, nina Canon 1300D na lenzi iliyokuja nayo, ile ya milimita 18-55. Timu yetu ya mtaa siku hizi inacheza usiku, chini ya taa za projekta. Picha zangu nyingi zinatoka na ukungu, nyingine nyeusi, na rangi inageuka bila mimi kugusa kitu: hii ya manjano, inayofuata ya kijani. Nikiwasha flashi wachezaji wanabaki gizani vilevile. Rafiki zangu wanasema kamera imezeeka, niiuze ninunue nyingine. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, usiiuze. Ukinunua kamera ya dola elfu moja, ukaivalisha lenzi ileile na kusimama palepale unaposimama sasa, tofauti itakuwa ndogo kuliko wanavyokuambia. Kinachokukosesha picha ni mambo mawili: unasimama mahali pasipo na mwanga wa kutosha, na unaufuata mpira kila unakokwenda. Nitakaa zaidi kwenye hayo mawili. Kipo pia kitu kimoja cha kununua, nitakitaja baadaye.

Tuanze na ukungu, maana ndio unaoharibu picha nyingi kuliko kitu kingine chochote. Mchezaji anayekimbia kwa nguvu huenda kama mita nane kwa sekunde. Ukiiacha kamera ijiamulie usiku, inaweza kabisa kukuchagulia kasi ya shata (pazia linalofunguka ili mwanga uingie) ya 1/60 ya sekunde, na katika muda huo mdogo mwili wake unasogea sentimita 13. Uso uliosambaa sentimita 13 haurudishwi na programu yoyote. Kwa 1/500 anasogea kama sentimita moja na nusu, na ukimpiga kutoka mita kumi na tano jicho halitaona kasoro. Mpira wenyewe, ukipigwa vizuri, huenda kasi zaidi ya hapo na utatoka umenyooka kidogo. Uache unyooke. Anayetazama picha anatafuta uso, na uso ukiwa safi atauamini mpira.

Kwa hiyo 1/500 ndiyo kasi ya kuanzia. Tatizo ni kwamba kasi hiyo inakula mwanga, na lenzi yako ni finyu. Kwenye uwanja wenye taa za wastani mimi hutarajia kitu kama hiki: f/2.8, 1/500, ISO 3200. Namba ya f ni upana wa tundu la lenzi, ikiwa ndogo tundu ni kubwa; ISO ni wepesi wa kamera kuuhisi mwanga. Lenzi yako ukiivuta mpaka 55, tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6, yaani inapitisha robo tu ya mwanga ule. Ungehitaji ISO 12800, na kamera yako kwa kawaida inaishia 6400. Hiyo 12800 inabidi kwanza uifungue kwenye menyu. Lakini ukiirudisha lenzi hiyohiyo kwenye 18, tundu linafunguka hadi f/3.5, na mwanga unaoingia unazidi ule wa f/5.6 mara mbili na nusu. Hapo 1/500 na ISO 6400 zinakutosha. Maana yake ni kwamba kila unapovuta lenzi kumleta mchezaji karibu, unajizimia taa. Miguu yako ndiyo ikusogeze. Kaa karibu na mstari, lenzi ikiwa kati ya 18 na 24, umngoje mchezaji afike kwako mita tano au sita. Picha ya mchezaji aliye mbele huku nyuma yake unaonekana uwanja, watu na nguzo za taa ni picha nzuri ya usiku, wala haidai lenzi ya gharama.

Sasa mahali. Mchana jua linamwaga mwanga sawasawa kwenye kona na katikati ya uwanja. Taa haiwezi hivyo. Ukiwa mbali nayo mara mbili, mwanga unaokufikia ni robo. Kwenye uwanja wa mtaa wenye nguzo nne, mchezaji aliye mita kumi kutoka kwenye projekta anapata mwanga mara nne ya yule aliye mita ishirini, ingawa jicho lako linaona wote wawili vizuri tu. Jicho hujirekebisha haraka mno usiku, ndiyo maana linakudanganya kuhusu mahali pa kupiga.

Dawa yake ni kufika mapema, wachezaji wakiwa bado wanapasha mwili moto. Weka kamera kwenye M, yaani unapanga kila kitu kwa mkono: 1/500, namba ndogo kabisa ya f, ISO 3200. Mwombe mchezaji wa akiba asimame karibu na kibendera cha kona, umpige uso. Kisha asogee kwenye pembe ya eneo la hatari, halafu kwenye nukta ya penalti, halafu katikati ya uwanja, na kila mahali umpige bila kubadili chochote kwenye kamera. Zitazame picha hizo zikifuatana. Umeshapata ramani ya mwanga ya uwanja huo, na hakuna kipimo cha kununua dukani kitakachokupa iliyo bora kuliko hiyo. Utaona pako mahali pawili au patatu uso unapotoka vizuri, na kwingine unapopotea kabisa. Kwenye viwanja vingi vya mitaa pazuri ni mbele ya goli, upande ambao nguzo ziko karibu. Katikati ya uwanja, mahali kila anayeanza anapopenda kupaelekezea kamera, mara nyingi ndipo penye giza kuliko kote.

Angalia pia mwanga unatoka upande gani. Mchezaji anayekimbia kuelekea taa ana uso. Anayeipa mgongo ana kivuli cheusi chenye jezi. Kwa hiyo jiweke taa ikiwa nyuma ya bega lako, umngoje anayekuja kwako. Mimi hupenda nyuma ya mstari wa goli, hatua chache pembeni mwa mlingoti, nikiwa nimekaa chini au juu ya kigoda. Ukiwa chini, wachezaji wanaonekana warefu, na nyuma yao linabaki giza la anga badala ya ukuta na pikipiki zilizoegeshwa. Waombe waandaaji kwanza, na usikae mahali ambapo kipa akiruka atakuangukia.

Ukishapachagua mahali pako, kaa hapo. Najua ni vigumu. Mpira ukienda upande wa pili na watu wakapiga kelele, mkono unataka kuunyanyua. Acha. Kule ni mbali, lenzi yako haifiki, na mwanga wa kule wewe hukuupima. Kipindi kizima unaweza kukaa na eneo moja la mita kumi na tano kwa kumi na tano, na mchezo utakuja wenyewe: kona, faulo, kurusha, mshambuliaji anayemkabili beki. Kipindi cha pili timu zinabadilisha magoli, basi palepale ulipo utawapata wale wengine.

Katika yote yatakayopita hapo, ngoja kwanza mpira wa kichwa. Nina sababu tatu. Taa ziko juu, hivyo mchezaji anayetazama mbele macho yake yanazama kwenye kivuli cha paji la uso. Anayepiga kichwa ameinua uso, na mwanga unaingia mpaka ndani ya macho. Sababu ya pili ni mwili wenyewe. Mtu akiruka, nusu ya muda wote anaokuwa hewani huutumia kwenye robo ya juu kabisa ya mruko wake. Akiruka nusu mita, atakuwa hewani kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde, na kama theluthi ya sekunde yuko pale juu, karibu ametulia. Ukimpiga pale hata kwa 1/250 utampata safi. Ya tatu, kona hupigwa mahali panapojulikana, nawe una muda wa kujiandaa na kulenga kabla mpira haujapigwa.

Ukimzoea mtu wa kichwa, utaanza kuona utulivu mwingine mwingi ndani ya mchezo: mguu uliokita chini kabla ya shuti, mrushaji aliyeinua mpira nyuma ya kichwa, kipa aliyejikunja akingoja penalti, beki na mshambuliaji waliosimama wakipimana. Uwanja ukiwa na giza sana, projekta mbili tu na jenereta moja, shuka hadi 1/250 na upige nyakati za aina hii peke yake. Utatoka na picha chache, lakini zitakuwa picha.

Na goli likiingia usishushe kamera. Wengi wanashusha ili washangilie. Kumbuka mwaka 2010, Mazembe, klabu ya hapa Lubumbashi, walipofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kule Abu Dhabi. Waulize watu wa dunia nzima wanachokumbuka, wengi watakuambia Robert Kidiaba, kipa, akidundadunda kwa makalio kwenye nyasi. Goli limefungwa upande mmoja, naye yuko upande wa pili anashangilia. Furaha ya goli hukaa mahali pamoja, watu hukumbatiana, nyuso huinuka juu. Wewe mwenye lenzi finyu, hizo ndizo sekunde zako za neema.

Kuhusu ISO, nakuomba uache kuiogopa. Picha yenye chembechembe na uso unaoonekana ni bora mara zote kuliko picha laini yenye ukungu. Tena fikiria picha inakwenda wapi. Kamera yako inatoa picha yenye upana wa pikseli 5184. Ukiipunguza hadi 1600 kwa ajili ya simu, kila pikseli inayobaki imechanganywa kutoka pikseli zaidi ya kumi, na chembechembe nyingi zinafifia zenyewe. Picha ya ISO 6400 inayokutisha ukiikuza kwenye kompyuta, kwenye simu ya mchezaji itapendeza kabisa. Kinachoharibu kweli ni kupiga gizani kwa ISO ndogo halafu kuipandisha picha mwanga baadaye. Hapo chembechembe zinatoka kwenye vivuli zikiwa na rangi za zambarau na kijani, na ngozi zetu nyeusi ndizo zinazoumia kwanza. Pima kwa ajili ya uso. Jezi nyeupe ikizidi kung'aa kidogo, si kitu. Uso ukizama, picha imekufa.

Ndiyo maana nasisitiza M. Ukiipa kamera madaraka, inaona anga jeusi na kudhani kila kitu ni giza, inafungua kupita kiasi na nyuso zinaungua. Dakika inayofuata mchezaji mwenye jezi nyeupe anapita, inafunga, nyuso zinazama. Mwanga wa taa pale ulipopachagua haubadiliki kama jua linaloingia na kutoka mawinguni. Umeshaupima, uache hivyo.

Tufike kwenye rangi inayogeuka, maana hilo si kosa lako wala ugonjwa wa kamera. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinazoutumia hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Lakini shata ya 1/500 inakata sehemu moja ya tano tu ya mpigo mmoja, hivyo picha moja inaangukia kilele na nyingine inaangukia bonde, na taa nyingine hubadilika hata rangi zinaposhuka. Wakati mwingine nusu ya juu ya picha ina rangi moja na nusu ya chini nyingine, kwa sababu kwa kasi hiyo shata hupita mbele ya kihisi, kile kinachopokea picha ndani ya kamera, kama ufa mwembamba unaoteremka. Kwa jenereta hali huwa mbaya zaidi, kwani mzunguko wake wenyewe hauko imara. Zipo kamera zenye uwezo wa kungoja kilele cha mwanga kabla ya kupiga; yako haina. Wewe piga mfululizo wa picha tatu au nne kwa kila tukio, ukijua mojawapo itaangukia pazuri. Kwa vitu vilivyotulia, kama benchi la akiba, kocha au mashabiki, shuka hadi 1/100, mpigo mzima wa taa uingie ndani, na rangi itakaa sawa kila mara.

Rangi iweke kwa mkono. Otomatiki itakuwa inabahatisha kila picha na kuongeza vurugu juu ya vurugu. Piga karatasi nyeupe chini ya taa hizo kabla ya mechi, kisha kwenye menyu uiambie kamera ichukue picha ile kama kipimo cha weupe. Ukipiga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalitengeneza kuwa picha ya kawaida (JPEG), utaweza kusahihisha zaidi nyumbani. Canon wana programu yao ya bure, Digital Photo Professional, na darktable nayo ni ya bure na inafanya kazi nzuri. Kasoro yake ni kwamba kwa RAW kamera yako inajaa baada ya picha chache za mfululizo na kukuacha ukingoja, na hata kwa JPEG inapiga tatu tu kwa sekunde. Kwa mechi za mtaa mimi ningepiga JPEG kwenye mchezo na RAW kwenye tuzo na picha za timu. Na ile picha yenye tukio zuri lakini rangi imeharibika kabisa, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Katika mji wa Mazembe, ambapo nusu ya watu wamevaa rangi hizo, haitamshangaza mtu, ingawa wa Lupopo, klabu nyingine ya mji huu, watataka njano na buluu yao.

Kuna jambo wapiga picha wa Lubumbashi tunalijua kuliko wa miji mingine: umeme unakatika. Kwenye viwanja vyenye zile taa kubwa za zamani za mvuke, umeme ukirudi taa haziwaki mara moja. Lazima zipoe kwanza ndipo ziwake, na hilo huchukua dakika kumi au zaidi, na zikianza kuwaka mwanga wake huwa hafifu wenye rangi ya ajabu mpaka zipate moto. Projekta za LED huwaka papo hapo. Basi baada ya giza usiendelee na vipimo vyako vya mwanzo. Mpige tena mtu uso, tazama, rekebisha, hata kama refa ameshapuliza filimbi.

Flashi iache nyumbani, au tuseme iache imelala. Ile iliyojengwa ndani ya kamera yako, kwa ISO 1600 na f/5.6, inafika mita sita na nusu hivi. Zaidi ya hapo inaangaza vumbi. Isitoshe, ikiwaka, kamera haikubali kupita 1/200, kwa hiyo unaupoteza ule 1/500 tuliouhangaikia. Na kipa anayengoja penalti hastahili kumulikwa machoni.

Kulenga ni fupi. Chagua AI Servo ili kamera iendelee kumfuata anayesogea. Una nukta tisa za kulengea. Tumia ya katikati tu, kwa sababu ndiyo iliyo imara zaidi kwenye mwanga hafifu. Iweke kifuani, kwenye namba au mstari wa jezi, mahali penye tofauti kali ya rangi. Jezi tupu ya rangi moja na uso ulio kivulini huifanya lenzi iende mbele na nyuma ikitafuta.

Sasa kile cha kununua: lenzi ya 50 f/1.8. Ikiwa mpya ni ya dola zaidi kidogo ya mia moja, na iliyotumika huwa chini ya hapo. Ukilinganisha na 18-55 yako iliyovutwa mpaka mwisho, hii inapitisha mwanga karibu mara kumi. Pale ulipokuwa unahitaji ISO 12800, sasa 1600 inatosha kwa 1/500. Kwenye kamera yako inaleta karibu vizuri: mchezaji aliye mita kumi, kamera ikiwa wima, anapata fremu yenye kimo cha mita nne na nusu, yaani nafasi ya kutosha kwa mruko na mpira juu yake. Haina zumu, lakini wewe umeshajifunza kukaa mahali pamoja na kungoja. Ukiitumia kwa f/1.8, mtu akiwa mita kumi una kina cha mita mbili na nusu hivi kilicho safi. Akikaribia mita tano kinabaki kama sentimita sabini, kwa hiyo hapo funga kidogo hadi f/2.2. Kabla ya kulipa, imulike kwa tochi ya simu uone kama kuna kuvu ndani ya vioo, ilenge karibu na mbali mara kadhaa usikilize kama mota inakwaruza, na ipige kwenye kamera yako mwenyewe mbele ya muuzaji. Ukiwa na rafiki mwenye Nikon ndogo kama D3500, mwambie atafute ile iliyoandikwa AF-S. Ya zamani, AF-D, inaingia kwenye kamera yake lakini haitalenga yenyewe, kwa kuwa kamera zile hazina mota ndani.

Tuko kwenye kiangazi kwa miezi mingi, na vumbi jekundu la viwanja vyetu unalijua. Usibadilishe lenzi kando ya mstari. Ichague lenzi nyumbani na umalize nayo mechi, au ukabadilishie ndani ya gari au chumba cha kuvalia wakati wa mapumziko, kamera ikitazama chini. Vumbi likiwa jingi hewani, usielekeze lenzi kwenye taa, picha nzima itafifia. Mwezi wa sita na wa saba usiku hapa ni baridi kali, na betri hupungua nguvu ikipata baridi. Ya akiba iweke kwenye mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Iliyoonekana kuisha mara nyingi huamka tena ikipata joto, ikakupa picha za dakika za mwisho.

Nenda mechi yako ijayo na 18-55 uliyo nayo, ufanye kile kipimo cha uso mahali panne kabla ya filimbi. Ukipenda, nitumie picha za kipimo hicho kama zilivyo, pamoja na mchoro wa mahali nguzo zilipo, nami nitakuambia ningekaa wapi.